Tope ambalo jicho halilioni: ugezi na matumizi ya mashine ndogo ya kupima tope la maji

Ilikuwa Januari, saa nane mchana, kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi. Nilikuwa nimekaa chini ya mkwaju, mashine yangu ikiwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Maji ya kisima kirefu cha kijiji nilikuwa nimeyachota asubuhi, nikayaweka kwenye kisanduku cha barafu pamoja na chupa nyingine za kwenda maabara. Nikamimina kwenye kichupa, nikafunika, nikabonyeza. Mashine ikaandika 11.4. Nikarudia: 12.6. Mara ya tatu: 13.9. Nikakiinua kichupa, nikakitazama kwa kukielekeza angani. Maji meupe pe.

Mzee wa kamati ya maji alikuwa amesimama nyuma yangu, na namba ile aliiona. Habari za viwango alikuwa anazijua kidogo, kwa sababu mtaalamu aliyepita kabla yangu aliwaambia kwamba ikizidi tano si nzuri.

"Mwanangu," akaniambia, "haya maji tunayanywa tangu mradi ulipofunguliwa. Leo yamekuwa tope?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nitarudi kwenye kisima hicho baadaye, maana jibu lake halieleweki mpaka mtu ajue kwanza mashine hii inapima nini hasa.

Watu wengi wanadhani inahesabu udongo uliomo kwenye maji. Haihesabu. Ndani yake kuna taa na jicho, basi. Taa inapitisha mwanga kwenye kichupa, na jicho limewekwa pembeni, nyuzi 90 kutoka kwenye njia ya mwanga huo. Maji yakiwa matupu, mwanga unapita moja kwa moja na jicho linabaki karibu gizani. Zikiwemo chembe, kila chembe inautawanya mwanga huku na huku, na sehemu yake inalifikia jicho. Aliyewahi kukaa kwenye nyumba yenye tundu kwenye bati ameshaliona jambo hili: mwali wa jua unaingia, na unauona umesimama hewani kama fimbo kwa sababu tu ndani kuna vumbi. Fagia chumba, mwali unang'aa zaidi. Vumbi likitulia, unafifia. Mashine ya kupima tope, ambayo maabara wengi wanaiita tabidimita, ni nyumba ndogo yenye tundu moja na jicho moja linalotazama mwali ule kutoka ubavuni.

Kwa hiyo kinachopimwa ni mwanga. Na jicho lenyewe halijui NTU, kizio cha kupimia tope, ni nini; linajua tu kwamba limepata umeme kidogo au mwingi. Lazima mtu alifundishe: mwanga kiasi hiki uite 20, kiasi hiki uite 100, kiasi hiki uite 800. Kufundisha huko ndiko kugezi mashine, na kazi yenyewe inaitwa ugezi, neno ambalo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wanalitumia kwa maabara zao za vipimo. Mafundi wengi husema kukalibreti, na hakuna aliyekosea. Neno ugezi mimi nalipenda kwa sababu lina kugeza ndani yake, kuiga na kulinganisha. Mashine hii haina namba ya kwake mwenyewe. Kila inachokuandikia ni mlinganisho na kitu ilichoonyeshwa zamani, na kama kitu hicho kilikuwa kibovu, mlinganisho wote ni mbovu.

Kitu chenyewe kina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani walikuwa wanapima tope kwa mshumaa. Wanawasha mshumaa, juu yake wanasimamisha bomba la kioo, wanamimina maji taratibu wakitazama kutoka juu mpaka mwali wa moto upotee machoni. Kina cha maji kilichoufuta mwali ndicho kilichogeuzwa kuwa namba. Kipimo hicho, kilichoitwa cha Jackson, kilikuwa na udhaifu mkubwa: chini ya 25 hakikuona kitu. Halafu mwaka 1926 wanasayansi Kingsbury na Clark, pamoja na wenzao, wakaja na fomazini, uji mweupe unaotokana na kuchanganya kemikali mbili, haidrazini salfeti na heksamini. Uzuri wa fomazini ni kwamba ukipima uzito wa kemikali zako vizuri, ukaziacha kwenye joto la nyuzi 25 kwa muda uliopangwa, utapata uji uleule anaoupata mtu wa London au Nairobi. Ule mzito wa kuanzia umekubaliwa kuitwa 4000 NTU, na mwingine wote ni huohuo uliozimuliwa.

Ukisoma 5 kwenye kioo cha mashine, basi, maana yake ni moja tu: maji yako yanatawanya mwanga kama fomazini iliyozimuliwa mpaka 5. Haisemi kuna miligramu ngapi za udongo. Maji mekundu ya korongo la Kondoa na maji ya kijani ya bwawa yenye mwani yanaweza kuandika namba moja yakiwa na uzito tofauti kabisa wa uchafu, kwa sababu chembe ndogo nyingi hutawanya mwanga kuliko chembe kubwa chache za uzito uleule.

Kuna jambo jingine linalowagonganisha watu wa ofisi mbili. Mashine ziko za aina mbili kubwa. Moja ina taa ya tangsteni, mwanga wa kawaida unaoonekana, na majibu yake huandikwa NTU. Nyingine inafuata kiwango cha kimataifa ISO 7027, ina taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya nanomita 860, na majibu yake kwa usahihi huandikwa FNU. Kwenye fomazini zinakubaliana. Kwenye maji ya kweli zinaweza kuachana, hasa maji yenye rangi ya chai kutokana na majani yaliyooza, kwa kuwa rangi inakula sehemu ya mwanga wa kawaida kabla haujafika kwenye jicho, na infraredi haijali sana rangi hiyo. Ukiona mhandisi na mtu wa afya wanabishana juu ya namba za bwawa moja, waulize kwanza mashine zao zina taa gani.

Kwa nini tuhangaike hivi wakati binadamu ana macho? Kwa sababu ya namba moja: 4. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba jicho la kawaida huanza kuliona tope kwenye maji likifika kama 4 NTU. Chini ya hapo, glasi yako ni safi kwako. Lakini klorini haina macho yako. Maji yanapotiwa klorini inatakiwa tope liwe chini ya 1 pale inapowezekana, na kwa miradi midogo yenye uwezo mdogo lisizidi 5, kwa sababu kijidudu kilichojificha nyuma ya chembe ya udongo hakifikiwi na dawa, na uchafu wenyewe unaila klorini kabla haijafanya kazi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa kinataka yaliyosafishwa yasizidi 5, na ya asili yasiyosafishwa yasizidi 25. Angalia basi pengo lilivyokaa: kati ya 1 na 4, mahali ambapo uamuzi wa dawa unafanyika, jicho ni kipofu. Mashine hii ilinunuliwa kwa ajili ya pengo hilo. Kwa lambo la ng'ombe lenye rangi ya chai ya maziwa huihitaji, unaona mwenyewe.

Na pengo hilo halisamehi uzembe. Ukikosea kwa 2 kwenye maji ya 300, hakuna aliyeumia. Ukikosea kwa 2 kwenye maji ya 1, umegeuza uamuzi.

Sasa ugezi wenyewe. Watengenezaji wengi wanashauri angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mara mashine inapoangushwa, inapobadilishwa taa, au inapokataa uhakiki wa kila siku ambao nitaueleza. Vichupa vya standadi, yaani vyenye tope la namba inayojulikana, huja vimefungwa kwenye kisanduku chao. Mashine moja iliyozoeleka sana, Hach 2100Q, inatumia vya 20, 100 na 800, na cha 10 ni cha kuhakiki. Mashine nyingine zina vyao, kwa hiyo soma kijitabu cha mashine yako na usichanganye. Kabla ya yote angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kichupa. Mwaka fulani nilikuta kituo kinagezi kwa standadi iliyopitwa na miaka minne. Mashine ilikubali bila kulalamika. Mashine hii hukubali chochote unachoiambia kuwa ni 20, na hilo ndilo la hatari kuliko yote.

Joto la kwetu nalo lihesabiwe. Standadi nyingi zilizotengenezwa tayari zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 5 na 25, mbali na jua. Gari lililoegeshwa juani Oktoba pale Dodoma mjini linazidi hapo kabla hujamaliza kunywa chai. Mimi vyangu nabeba ndani ya kisanduku cha kubaridishia kisicho na barafu, nimevizungushia kanga. Visigande pia, jokofu lenye barafu kali si mahali pake. Na vaa glavu ukishika kichupa kinachovuja, maana kemikali za fomazini zina sumu.

Standadi iliyokaa kimya zaidi ya wiki inakuwa imetulia chini. Unaitikisa kwa nguvu dakika mbili au tatu, halafu unaiacha dakika tano mapovu yapande na kupotea. Kama uliitumia juzi, kuipindua taratibu mara kadhaa kunatosha. Isipokuwa ile ya chini kabisa, iliyoandikwa pungufu ya 0.1, kwa mashine zinazoitaka: hiyo haitikiswi kamwe, kwani haina cha kuchanganya, na kutikisa kunaiongezea mapovu tu. Weka mashine mahali tambarare, kwenye kivuli, washa, fuata mpangilio inaokuuliza, kila kichupa na kifuniko cha mashine juu yake ili mwanga wa nje usiingie. Dakika kumi na tano kazi imekwisha.

Nitakaa kidogo kwenye sifuri, kwa sababu hapo ndipo makosa ya kimyakimya yanapozaliwa. Mashine nyingine zinakutaka uzionyeshe maji safi kama mwanzo wa kipimo. Nimeshuhudia watu wakitumia maji ya chupa ya dukani, na wengine maji ya betri waliyonunua gereji. Maji hayo yanaweza kuwa na 0.3 au 0.5 yake, na chupa nyingine za gereji ni tindikali tupu. Ukiiambia mashine kwamba 0.4 ni sifuri, kuanzia siku hiyo itakuwa inapunguza 0.4 kwenye kila jibu la chini. Maji ya 1.2 yataandikwa 0.8 na yatapita. Hata maji yaliyochujwa kwa kichujio kikali kabisa cha maabara hayafiki sifuri. Yanabaki kwenye 0.02 hivi, kwa sababu molekuli za maji zenyewe zinatawanya mwanga kidogo. Kwa hiyo ukiona mashine inaandika 0.00 tena na tena, usifurahi. Kuna sifuri bandia mahali.

Ukimaliza ugezi, usiamini mpaka uhakiki. Weka kichupa cha 10, ambacho mashine haikufundishwa nacho. Likitoka kati ya 9 na 11, umepona. Uhakiki huo ufanye kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe na jina lako. Daftari linaonyesha kitu ambacho jibu la siku moja haliwezi: mashine iliyosoma 10.1, halafu 10.3, halafu 10.6, 10.8 kwa wiki nne bado iko ndani ya mipaka, lakini inaondoka mahali, na kichupa chake pengine kimeanza kukwaruzika.

Tumefika kwenye kichupa, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu naamini nusu ya namba mbaya zinazotoka vijijini hazitokani na mashine wala standadi. Zinatokana na kioo. Kumbuka jicho linatazama mwanga uliotawanyika, na halijui umetawanywa na nini. Alama ya kidole ni mafuta, inatawanya. Mkwaruzo unatawanya. Tone la maji upande wa nje linatawanya. Povu la hewa linatawanya vizuri sana. Vumbi la Agosti, lile linalopeperuka kutwa nzima kuanzia Bahi mpaka Manyoni, linakaa kwenye kioo hata kabla hujakiweka, na lenyewe linatawanya. Yote hayo mashine inayaandika kwa jina la maji ya wananchi.

Kwa hiyo kichupa hushikwa kwenye shingo, karibu na kifuniko. Unakisuuza mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kupima. Maji yenyewe kwenye chombo cha kuchotea unayachanganya kwa kupindua polepole. Hayatikiswi kama dawa ya mtoto, maana unaingiza hewa. Unamimina yakishuka kwa ubavu wa kioo, jinsi mtu anavyomimina soda isitoe povu, mpaka kwenye mstari. Unafunika. Unafuta nje kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kile cha kufutia miwani kinafaa. Tishu ya hotelini haifai, inakwaruza na kuacha manyoya. Halafu tone moja la mafuta ya silikoni unalisambaza kwa kitambaa maalumu mpaka kioo kionekane kikavu. Mafuta hayo yanapinda mwanga kama kioo chenyewe kinavyoupinda, ndiyo maana yanaziba mikwaruzo midogo isionekane na jicho. Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa ameishiwa akatumia mafuta ya kupikia. Nilimwelewa, lakini mafuta ya kupikia yanashika vumbi na kuacha ukungu, na kichupa kile hatukuweza kukitumia tena kwa maji ya chini ya 5.

Kioo pia hakiko sawa pande zote. Jaza kichupa maji safi, kiweke, soma. Kizungushe kidogo, soma tena. Utaona 0.31, 0.24, 0.19, 0.27. Mahali penye namba ya chini kabisa ndipo kioo kilipo bora. Piga alama hapo juu kwenye shingo, na kuanzia siku hiyo alama hiyo ielekee alama ya mashine kila unapokiweka. Tofauti ya 0.1 inaonekana ndogo mpaka unapokuwa unaamua juu ya maji ya 1.

Sasa turudi kwa mzee wangu wa Bahi. Namba zilikuwa zinapanda: 11.4, 12.6, 13.9. Tope halisi lingeshuka, kwa kuwa chembe zinatulia kadiri kichupa kinavyosimama. Kitu kilichokuwa kinaongezeka kilikuwa nje ya maji. Nikakitoa kichupa, nikapitisha kidole. Kidole kikalowa. Maji yalikuwa yametoka kwenye barafu, hewa ya Januari ina unyevu, na kioo kilikuwa kinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nilikuwa napima umande.

Nikakiacha kichupa dakika ishirini kivulini kipate joto la mahali, nikakifuta, nikakipindua mara mbili, nikasoma. 0.8. Nikamwita mzee akaona mwenyewe, na nikamweleza kosa lilikuwa langu, si la kisima chao. Akatikisa kichwa polepole, akaniambia, "Basi mwanangu, wewe ukija uanze na hii, hayo ya barafu baadaye." Alikuwa amesema kwa sentensi moja yaliyoandikwa kwenye kila mwongozo: tope hupimwa palepale bombani, wala si baada ya safari.

Sababu si umande peke yake. Visima vingi vina madini ya chuma yaliyoyeyuka. Maji yanatoka chini angavu kabisa, yanakutana na hewa, na baada ya saa moja yamegeuka rangi ya kutu na namba imepanda mara kadhaa. Upande wa pili, chembe nzito zinatulia kwenye chupa na namba inashuka. Katika hali zote mbili ulichokipima si kile mama aliyekinga dumu lake amekibeba nyumbani. Pia maji ya pampu hutoka na gesi iliyobanwa. Yaache kwenye ndoo dakika moja mbili mapovu yatoke ndipo umimine.

Mvua zikija, kazi inabadilika. Kwetu mvua ni Desemba mpaka Aprili, na zikinyesha zinanyesha kwa ghadhabu juu ya ardhi iliyokaa miezi saba bila jani. Kondoa watu wanayajua makorongo haya kuliko wataalamu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu vilima vilikuwa vinateremka na maji. Jina la Dodoma lenyewe husimuliwa kuwa limetoka kwenye neno la Kigogo idodomya, limezama, kwa habari ya tembo aliyezama kwenye tope. Maji ya lambo au ya korongo wakati huo yanaweza kupita 1000, na hapo mashine inaingia kwenye udhaifu wake mwingine. Chembe zikiwa nyingi mno, mwanga unagongwa na chembe moja, unagongwa na nyingine, unamezwa kabla haujafika kwenye jicho. Tope linaongezeka, mwanga unaofika unapungua. Mashine nzuri itakuandikia kwamba imezidiwa. Ya bei rahisi inaweza kukuandikia namba ya kawaida kabisa, ndogo kuliko ya maji mepesi zaidi. Ukiona hivyo, zimua: sehemu moja ya maji yako kwa sehemu nne za maji safi yaliyochujwa, soma, zidisha kwa tano. Likitoka 260, jibu ni 1300. Namba ikionekana kuwa ndogo bila sababu, zimua tena; kama jibu baada ya kuzidisha linapanda, la kwanza lilikuwa la uongo.

Na usiandike 1304. Mashine itakupa tarakimu zote hizo kwa ukarimu, lakini utaratibu wa maabara unataka zipunguzwe kadiri tope linavyoongezeka: kati ya 1 na 10 andika mpaka sehemu moja ya kumi, kati ya 10 na 40 namba nzima, kati ya 40 na 100 kwa tano tano, juu ya hapo mpaka 400 kwa kumi kumi, mpaka 1000 kwa hamsini hamsini, kisha kwa mia mia. Anayeandika 847.3 anadai kujua asichokijua.

Kwa maji mazito kama hayo, bomba la kupimia tope, lile refu la plastiki lenye alama chini, linatosha. Unamimina mpaka alama ipotee, unasoma ubavuni. Halina betri wala ugezi, na mtoto wa darasa la nne anaweza kulitumia. Linaanzia 5 tu, kwa hiyo haliwezi kusema chochote kuhusu lile pengo la 1 na 4. Lakini kwa jumuiya ya watumia maji yenye lambo moja na fedha kidogo, ningewashauri wanunue bomba, na fedha inayobaki iende kwenye shabu na klorini.

Maana ukishaipata namba, ufanye nini? Mchanga wa milimita 0.1 unashuka sentimita 30 za ndoo kwa muda usiofika dakika. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita inahitaji karibu siku nne kushuka urefu huohuo, tena ndoo isiguswe. Ndiyo maana ndoo ya lambo inakaa usiku kucha na asubuhi bado ni chai ya maziwa. Shabu inazikamatisha chembe hizo ziwe mafungu mazito yanayozama. Mbegu za mlonge zilizosagwa zinafanya kazi ileile, na bibi zetu wengi walizijua. Ukishachuja ndipo utie dawa. Pakiwa hapana njia ya kuyasafisha kwanza, maelekezo ya kawaida kwa maji ya nyumbani yenye tope ni kuongeza dozi ya klorini mara mbili.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo linaniuma zaidi. Mtu anapima kisima, anapata 0.5, anaandika "maji salama", anaondoka. Hapa katikati ya nchi maji yetu mengi ni ya chini ya ardhi. Jiji la Dodoma lenyewe limeishi kwa visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora. Maji ya chini mara nyingi ni angavu. Lakini yanaweza kuwa na chumvi, nitreti, na kuelekea Singida floridi inayoharibu meno ya watoto, na vyote hivyo vimeyeyuka. Kilichoyeyuka hakina chembe, hakitawanyi mwanga, jicho la mashine halikioni. Vijidudu vya kipindupindu navyo vinaweza kuwa vya kutosha kuua mtu kwenye maji yanayosoma 0.5. Tope dogo linasema klorini ikitiwa itafanya kazi yake. Halisemi kwamba imetiwa.

Ukimaliza kazi ya siku, usirudishe kichupa chenye maji ya lambo kwenye mkoba. Kimwage, kisuuze, kijaze maji safi, kifunge hivyohivyo kikiwa kimejaa. Tope likikaukia ndani linashika kioo, na kesho utalisugua, na kusugua kunakwaruza. Toa betri kama mashine haitatumika kwa mwezi. Mimi kisima kile cha Bahi nimekiandika kwenye ukurasa wake: 0.8, maji ya asubuhi yaliyoachwa yapate joto la mahali, kichupa kimefutwa, uhakiki wa asubuhi 10.2.